Mtoto wa Mtanzania juu ya Barafu

Hapa Kakanda barafu twaiona ndani ya friji ya muuza vinywaji tu. Basi mwaka 2014, nilipomwona katika televisheni mtu mwenye rangi iliyokaribiana na yetu akiteleza juu ya barafu, niliacha ugali wangu ukapoa.

Jina lake Robin Szolkowy. Alizaliwa mwaka 1979 mjini Greifswald, Ujerumani ya Mashariki. Mama Mjerumani, baba Mtanzania. Tangu mwaka 2003 aliteleza pamoja na Aliona Savchenko, mzaliwa wa Ukraine. Kazi ya mwanamume katika mchezo huu yatisha: humwinua mwenzake juu ya kichwa, naye mwenyewe yu mbioni juu ya vyuma viwili vyembamba. Akikosea, aangukaye kutoka juu ni yule mwingine.

Walikuwa mabingwa wa dunia mara tano, lakini dhahabu ya Olimpiki hawakuipata kamwe: shaba Vancouver mwaka 2010, shaba tena Sochi mwaka 2014. Huko Sochi, mwishoni kabisa, alimrusha Aliona azunguke mara tatu na nusu hewani. Aliona akaanguka. Wangaliweza kuchagua jambo rahisi! Mwezi uliofuata walikwenda Japani, wakashinda ubingwa wa tano. Kisha Robin akaacha mashindano, akawa mwalimu.

Mwanangu aliniuliza, “Baba, huyu ni wa kwetu?” Nikasita, maana Ujerumani ndiyo iliyomlea. Nikamjibu kwamba baba yake ni Mtanzania.

“Naye baba yake alijua kuteleza?”