Safari Fupi Kutoka Sirari

Tulipoazimia kuvizuru vijiji vya Tarime na Serengeti, tulitandaza ramani mezani pale Sirari, tukachora njia kwa kalamu nyekundu: kwanza Tarime mjini, kisha Nyamwaga na Nyamongo, tuvuke Mto Mara, tulale Mugumu. Tulihesabu lita za mafuta na saa za mwendo. Tulijiona wapangaji hodari.

Mzee mwenyeji wetu aliitazama ramani ile kwa kitambo. "Wanangu," akauliza, "huko Nyamwaga mtamwamkia nani?"

Tukanyamaza, kwani hatukuwa na jina hata moja. Kwake yeye njia ilikuwa ni watu: kwa shemeji, kwa mjomba, kwa mwenziwe wa rika aliyetahiriwa naye. Baadhi yao wako ng'ambo, nchini Kenya, maana mpaka waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwapasua Wakurya sehemu mbili, wala hawakuulizwa.

Basi tukaifuta Mugumu, ingawa dereva wetu alinung'unika sana. Tukachagua boma moja tu, la shemeji yake mzee, lenye migomba na shamba la kahawa, tukakubali kushinda huko kutwa nzima. Jioni, tuliambiwa, hupigwa iritungu, chombo kikubwa cha nyuzi nane ambacho sauti yake nzito haisikiki ndani ya gari linalokimbia.

Ramani tukaigeuza. Nyuma yake mzee alitutajia majina saba, nasi tukayaandika kwa kalamu ile ile nyekundu.