Herufi Moja, Majina Matatu

Mwaka niliosoma Guangzhou tulikuwa tunapika pamoja jikoni mwa hosteli: Chan wa Hong Kong, Tan wa Penang, Trần wa Hanoi na mimi. Jioni moja Tan akachukua kalamu, akaandika herufi moja nyuma ya risiti ya sokoni: 陳.

"Hili ndilo jina langu."

Chan akacheka. "Na langu pia."

Trần, ambaye kwao siku hizi wanaandika kwa alfabeti kama yetu, akainama kutazama. Akasema ndivyo lilivyochongwa kwenye kaburi la babu wa babu yake.

Nikawaambia waache mchezo.

Hawakuwa wanacheza. Jina lilitoka kwa dola ndogo iliyoitwa Chen, huko Huaiyang, mkoa wa Henan wa leo. Yapata mwaka 1046 kabla ya Kristo, ukoo wa Zhou ulipouangusha ule wa Shang, mfalme alimpa Gui Man ardhi hiyo kwa kuwa alihesabiwa kuwa mzao wa Shun, mtawala wa kale. Karne ya 5 kabla ya Kristo, dola ya Chu ikaimeza Chen. Nchi ikapotea, watu wakabaki na jina lake.

Vizazi vyao vikahamia kusini, hadi Guangdong na Fujian, kisha vikavuka bahari. Wakantoni wakatamka Chan, Wahokkien Tan, Wahakka Chin. Vietnam likawa Trần, na ukoo wa jina hilo ukatawala huko kuanzia 1225 hadi 1400. Singapore, Tan ndilo jina la ukoo lenye watu wengi zaidi. Kila bandari ililiandika jinsi sikio lake lilivyosikia.

Usiku huo kaka yangu akapiga simu kutoka Machakos. Urithi wa shamba la marehemu baba umekwama tena. Hati ya shamba inasema Mutisia, kitambulisho kinasema Mutisya. Karani fulani, zamani, aliandika alivyosikia.

"Sasa wanataka niape kwamba huyo ni mtu mmoja," akasema. "Kwani baba alikuwa wawili?"

Nilirudi jikoni. Risiti ilikuwa bado mezani, imelowa mchuzi pembeni, herufi inasomeka. Sisi hatuna herufi ya kuonyesha. Tuna sauti tu, na wale wanaoikumbuka.

Nikampigia kaka. "Apa tu," nikamwambia. "Na uandike yote mawili."