Mche Uliohamishwa: Kwa Bibi Harusi Anayeolewa Mbali



Swali ambalo mabibi harusi hutuuliza kwa sauti ya chini, hina ikiwa bado mbichi mikononi, ni hili: nikiolewa mbali na kwetu, nitaweza? Februari tulimsindikiza mwanetu wa Unguja hadi Mwankoko, mkoani Singida, na jibu tulilorudi nalo tulilipata shambani.

Sisi visiwani tumezoea masika na vuli. Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Disemba hadi Aprili, na katikati yake mvua huweza kukatika kwa wiki kadhaa. Tulifika wakati huo. Saa nane mchana majani ya mtama yalikuwa yamejikunja kama mikeka. Mama wa bibi harusi akatunong'oneza: "Mtama wenyewe umeshindwa, mwanangu ataweza?"

Mavyaa alimsikia, wala hakukasirika. "Haujafa, dada yangu. Umejifunga jua lipite. Kesho asubuhi njoo uutazame." Tulipomaliza Sala ya Alfajiri tukatoka. Majani yamefunguka, yamenyooka.

Mliosoma baiolojia skuli mtakumbuka. Jani lina vitundu vidogo sana, stomata, vya kupitishia hewa, na humo humo maji hupotea. Upande wa juu wa jani la mtama una seli kubwa ambazo zikipungukiwa maji husinyaa, jani likajikunja, na sehemu inayopigwa na jua na upepo ikapungua. Ule unga mweupe unaofutika ukipitisha kidole kwenye shina ni nta ya kuzuia maji yasitoke. Ukame ukizidi, mtama husimama kukua ukangoja. Mvua ikirudi, unaendelea. Alizeti, zao la Singida, ina njia yake: mzizi mkuu unaochimba chini kwenye unyevu.

Kwetu mkoko huota kwenye tope lisilo na hewa, basi Mola ameupa mizizi inayopumua. Uhamishie mkoko Mwankoko utakufa. Panda mtama kwenye maji ya chumvi ya Ghuba ya Chwaka, nao utakufa. Hakuna aliye dhaifu kati yao. Kila mmoja kaumbwa kwa mahali pake. SubhanAllah.

Lakini wewe, bibi harusi, si mkoko wala mtama. Wewe ni kama mche wa mkarafuu, unaokuzwa kitaluni kisha ukahamishwa. Karibu na ncha za mizizi ya miche mingi kuna vinyweleo vyembamba mno, na hivyo ndivyo vinavyonywa maji. Mche uking'olewa, vingi hukatika. Ndiyo maana hunyong'onyea hata udongo ukiwa umelowa: maji yapo, vya kuyanywea ndivyo vilivyopungua. Vipya huota, ila vinataka muda. Mkulima wa Pemba anajua la kufanya. Huuhamisha mche na udongo wake, huuwekea kivuli, huumwagilia, wala hauchomoi kila siku kutazama kama umeshika.

Basi, dada, ondoka na udongo wako. Nyiradi zako za asubuhi, mapishi ya mama yako, simu kwa somo wako, usiviache nyuma. Ukilia miezi ya mwanzo katika nyumba ya watu wema, usijihukumu kuwa umeshindwa ndoa. Vinyweleo bado vinaota.

Mume, kivuli ni wewe. Usimwache mgeni peke yake katikati ya mazungumzo ya Kinyaturu asiyoyaelewa. Mfasirie, mfundishe maamkizi, mtembeze kwa majirani. Mavyaa, mpe nafasi jikoni apike pilau yake hata kama nyumba imezoea ugali wa mtama. Na mama uliyebaki kisiwani, kupiga simu mara tano kwa siku kumuuliza "wanakutesa?" ni kuuchomoa mche.

Kuna jambo moja hatutaki lieleweke vibaya. Tukisema subira, hatusemi kunyamazia madhara. Mtama unapojikunja haujikatii tamaa. Unalinda maji yake ili uishi. Upweke, chakula kigeni, lugha ngeni: huo ni ukame, na ukame hupita. Kupigwa, kutukanwa, kunyimwa matumizi: hiyo ni chumvi iliyomwagwa kwenye mizizi, na hakuna mche unaolaumiwa kwa kutoota hapo. Mwambie walii wako, mwambie sheikh unayemwamini, na rudi nyumbani. Dini yetu haikumtaka mwanamke afe kimya ili aitwe mwenye subira.

Na wewe ambaye akdi yako haijafungwa, uliza sasa, kabla mahari hayajapokelewa. Utaishi na nani? Utaruhusiwa kuja kwenu lini? Nani atakuwa jirani yako wa kukimbilia? Mkulima hupima udongo kabla ya kuchimba shimo, na wala haoni haya kufanya hivyo.

Allah awajaalie mabinti zetu waliohamishwa mizizi iliyoshika na watu wa kuwapa kivuli. Aamin.

Tunakupendeni fillah.