Shahidi wa Sahihi

Nilitoka chuo cha ualimu mwaka 1974 nikijua kufundisha hesabu na historia, lakini sikuwa nimefundishwa maana ya neno shahidi. Neno hilo nilifundishwa na kosa langu mwenyewe.

Kijijini mwenye kalamu na muhuri hana raha. Kila karatasi huishia mezani kwake: ya mauziano ya ng'ombe, ya mahari, ya mkopo, ya shamba. Nami nikiwa mwalimu mkuu nilitia sahihi nyingi kuliko ninavyoweza kuzikumbuka. Moja tu siisahau.

Mwaka 1988 mtu mmoja aliniletea ofisini hati ya mauziano ya shamba la mama mjane. Alama ya dole gumba ilikuwa imekwisha kuwekwa, na wino umekauka. Akaniambia mama ni mgonjwa, hawezi kutembea. Mtu huyo nilimfahamu, na kengele ya kipindi ilikuwa imelia. Nikaandika jina langu mahali palipoandikwa "mbele yangu".

Miezi ilipita. Siku moja mama yule akaja, akasimama mlangoni, akakataa kuketi. Akaniuliza, "Mwalimu, uliniona wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda mbele ya baraza nikakiri kwamba sikumwona, na shamba likarudi kwa mwenyewe. Lakini mavuno ya misimu miwili yalikuwa yamekwisha kuliwa na mwingine, na hayo sikuweza kumrudishia.

Hapa Kolo tumezoea alama zisizo na shahidi. Michoro yetu ya miambani, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, haina jina la mchoraji, wala hakuna anayenyang'anywa shamba kwa sababu yake. Alama ya karatasini si hivyo. Wazee waliokusanya sheria za mila mwaka 1963 walilijua jambo hili. Katika wosia wa maandishi, anayejua kusoma alitakiwa kuwa na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma, wasiopungua wanne. Yaani asiyeweza kujilinda kwa macho yake aongezewe macho ya wenzake.

Siku hizi tunaambiwa shahidi anaweza kuwa mbali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 iliitambua sahihi ya kielektroniki nchini mwetu, na Kenya nao walirekebisha sheria zao mwaka 2020. Wakati wa ugonjwa wa korona, Uingereza iliruhusu wosia ushuhudiwe kwa video, ruhusa iliyokoma Januari 2024. Jimbo la New South Wales, Australia, lilianza kwa dharura hiyohiyo mwaka 2020, kisha likaufanya utaratibu huo kuwa wa kudumu. Kwetu kamishna wa viapo hutakiwa kuandika mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Sasa mwapaji akiwa Muscat na kamishna akiwa Kondoa, mahali ni wapi?

Swali hilo nililiona kama la mawakili, mpaka lilipoingia uani kwangu. Mpwa wangu wa kiume alikuja na simu. Dada yake anafanya kazi Muscat, naye alitaka kumpa kaka yake mamlaka ya kuuza shamba waliloachiwa na marehemu dada yangu. Binti angetia sahihi kwa kidole juu ya kioo cha simu yake, nami nikimwona, halafu niandike kwamba nimeshuhudia.

"Shikamoo, mjomba," uso ukatokea.

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

Kaka yake alikuwa ameniegemea begani. Kila nilipouliza, alijibu yeye. Nikamkumbuka mama wa mlangoni. Nikamwomba kijana aniletee maji ya kunywa, nikaichukua simu hadi chini ya mwembe.

"Mwanangu, unataka shamba la mama yenu liuzwe?"

Akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Mjomba, mimi niliambiwa ni la kukodisha tu."

Sikutia sahihi. Kijana aliondoka bila kuaga, na mpaka leo tukikutana njiani hugeuza uso. Hilo linaniuma, maana ni damu yangu. Lakini shamba lipo, na binti yule hunipigia simu kila Ijumaa.

Ndugu msomaji, usidhani nailaumu simu. Mwaka 1988 ningekuwa nayo, na ningekuwa na akili ya kuitumia, ningemwona mjane kitandani kwake, au ningegundua kwamba hakuwa kitandani. Simu ilinipa uso ulio ng'ambo ya bahari. Haikunionyesha aliyekuwa akimsemea binti, kwa sababu huyo alikuwa ameketi kando yangu mimi. Kumtoa huyo ilikuwa kazi yangu, si ya mtambo.

Kwa hiyo, ukiitwa kushuhudia, iwe ni kwa wino au kwa kioo, waondoe wasemaji kwanza. Kisha muulize mwenye mali, yeye peke yake, anachotoa ni nini. Akishajibu kwa kinywa chake, ndipo uandike "mbele yangu".