Waya Mnene na Kijiko cha Dizeli



Swali lililotufikia juma hili halihusu ndoa wala liturujia. Kijana mmoja wa parokia, fundi ambaye mikono yake imefufua pikipiki nyingi hapa Nanganga, anataka kutengeneza mtambo wa kuzalisha hidrojeni kutoka kwenye maji na kuufunga katika pikapu ya familia yao, ili gari linywe dizeli kidogo. Mabati ya chuma kisichoshika kutu anayo, chupa anayo. Ametuuliza jambo moja tu: anunue waya wa ukubwa gani?

Pikapu hiyo tunaifahamu sote. Msimu wa korosho hupeleka magunia ghalani, Jumapili hupakia wanakwaya, na usiku ndiyo inayomwahisha mama mwenye uchungu katika Hospitali ya Mtakatifu Benedikto, Ndanda. Kwa hiyo swali la waya wake ni letu pia, na tungependa kulijibu kikamilifu, kwa kuwa maswali ya namna hii hujibiwa nusu nusu vijiweni.

Mtambo wa namna hiyo hupitisha umeme wa betri katika maji yaliyotiwa dawa kali, na maji yakagawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni. Mtambo wa kawaida wa nyumbani hutumia kama ampea 20. Tuchukue umbali wa mita 3 kutoka kwenye betri hadi kwenye mtambo, na mita 3 za waya wa kurudi. Ukitumia waya wa taa za nyumbani, ule wa milimita za mraba 1.5, volti 1.4 zitapotea njiani na wati 28 zitageuka joto ndani ya waya wenyewe, karibu na injini ambayo tayari ina joto lake. Ganda la plastiki la waya wa nyumba kwa kawaida limetengenezwa kuvumilia nyuzijoto 70 tu. Ukitumia waya wa milimita za mraba 6, zitapotea volti 0.35 na joto litakuwa wati 7. Basi jibu la kwanza ni hilo: milimita 6.

Tena uwe waya wa gari, wenye nyuzi nyingi nyembamba za shaba, kwani waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu huchoka kwa mtikisiko na kukatikia ndani ya ganda pasipo mtu kuona. Dukani kwaruza ncha kwa kisu. Ukikuta weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na haibebi mkondo uleule kwa unene uleule. Fyuzi ya ampea 30 ikae jirani kabisa na betri, kabla waya haujaanza safari yake, maana kazi ya fyuzi ni kuulinda waya. Iwekwe pia rilei inayokata umeme injini inapozimika, ili gesi isiendelee kuzalishwa gari likiwa limeegeshwa.

Lipo jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Maji ya mtambo yakipata moto, mkondo huongezeka. Ulioanza asubuhi na ampea 20 waweza kufika 30 baada ya mwendo mrefu wa kwenda Masasi. Waya huchaguliwa kwa kuifikiria saa ile ya joto.

Hapo swali limekwisha kujibiwa, na fundi angeweza kwenda dukani. Lakini tunamwomba akae kidogo na waya huo mkononi na kujiuliza kwa nini umepaswa kuwa mnene hivyo. Ni mnene kwa sababu kinachopita humo ni kingi, na hicho kingi chatoka katika alteneta, alteneta huzungushwa na injini, na injini hula dizeli.

Tumepiga hesabu. Mtambo wa vyumba 6 vilivyofuatana, ukitumia ampea 20, hutoa kama lita 50 za hidrojeni kwa saa. Lita 50 zasikika nyingi, lakini gesi ni nyepesi mno: nguvu iliyomo ndani yake yalingana na ya kijiko kimoja cha chakula cha dizeli. Na ili kuupata umeme wa saa hiyo moja, injini itachoma karibu moja ya sita ya lita, yaani kama vijiko 10. Watoa kumi, warudishiwa kimoja.

Ndugu zetu wa Newala watalielewa hili upesi kuliko wengi. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya kupandishwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema, na kabla ya mradi huo kuanza katika miaka ya 1950, yalipandishwa kwa vichwa vya akina mama. Atokee mtu Newala aseme kwamba maji yakimwagwa kurudi bondeni yatazungusha pampu ya kuyapandisha, na umeme utabaki wa kuwasha taa. Bibi yeyote aliyewahi kupanda mteremko ule na ndoo kichwani atamcheka. Mtambo wa hidrojeni unaolishwa na injini ileile unayotarajia kuisaidia ni maneno hayohayo, ila yamefichwa chini ya boneti.

Huko Marekani, Stanley Meyer alijitangaza kuwa na gari linaloendeshwa na maji. Mwaka 1996 mahakama moja ya Ohio iliona kwamba amewalaghai wawekezaji wawili, ikamwamuru awarudishie dola 25,000. Hata hivyo mafundisho yake yangali yanazunguka hadi leo, nasi hatuwalaumu vijana wanaoyasadiki. Bei ya mafuta inapopanda, kama ilivyopanda mwaka 2022, mtu hutafuta mlango wowote. Tunawalaumu wanaouza michoro wakijua.

Na hatari ni ya kweli. Hidrojeni na oksijeni zikitoka pamoja tayari zimechanganyika kwa mlipuko, na cheche moja ikirudi nyuma kwenye bomba yatosha. Wapo wanaotia chumvi ya jikoni badala ya dawa kali. Hao huzalisha klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Bwana wetu, katika Luka sura ya 14, alimtaja mjenzi anayeketi kwanza kuhesabu gharama za mnara wake. Sisi twaongeza kwamba katika pikapu hii gharama yaweza kumwangukia abiria aliyelala nyuma, ambaye hakuulizwa.

Tumemshauri kijana wetu asiufunge mtambo huo. Dizeli yaokolewa kwa kusafisha kichujio cha hewa, kuangalia nozeli, kujaza upepo sawasawa na kupunguza mwendo. Kwa mikono aliyonayo, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Kama waya wa milimita 6 ameshaununua, asiurudishe dukani. Kipo kigango chetu kimoja ambacho taa zake hufifia kabla Rozari ya jioni haijaisha, kwa sababu paneli ya jua imeunganishwa na betri kwa waya mwembamba wa taa. Mita 6 zinatosha kutoka paani hadi kwenye betri, na ngazi ipo parokiani.