Mashua ya Kwanza ya Familia, na Safu Niliyoisahau

Nimepotea kwa wiki kadhaa, najua, na wengine mmeniuliza ile makala ya hifadhidata itakuja lini. Itakuja. Leo niruhusuni nizungumzie mashua.

Ndiyo, mashua ya tanga. Naishi Garissa, mji ambao ukimwambia jirani unatafuta mashua anakuangalia kama mtu aliyekaa sana juani. Lakini wenyeji mtakumbuka Novemba 2023, halafu tena Aprili na Mei 2024, Mto Tana ulipofurika na barabara ya kwenda Nairobi ikakatika hapo Madogo. Tulikuwa tunavuka kwa boti. Mwezi wa Aprili 2024 boti moja ilipinduka Kona Punda na watu wakafa. Siku chache baadaye mimi, mke wangu na binti yetu tulipanda boti mahali si mbali na pale, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kurudi nyumbani.

Nina shahada ya sayansi ya kompyuta. Siku ile nilikaa juu ya begi, nimemshika mtoto, nikagundua sijui kitu kimoja juu ya chombo kilichotubeba. Sijui kinabeba watu wangapi. Sijui nikae wapi. Kikipinduka, nishike nini? Binti yangu alikuwa na miaka minne. Tangu siku ile akawa akiona beseni la maji ya kuoga analia.

Kwa hiyo mwaka huu tulikubaliana nyumbani kwamba tutajifunza maji, sote: mimi, mke wangu, binti yetu, na mdogo wangu wa miaka 11 anayesoma akikaa kwetu. Si hapa mtoni. Tana ina mamba, ina viboko, mkondo wake hauna simile, na kingo zake ni ndefu kiasi kwamba upepo hukufikia vipande vipande. Lakini mke wangu ni mtu wa Lamu. Kila likizo tunateremka Bura, Hola, Garsen hadi Mokowe, zaidi ya kilomita 300, na kule maji yako mlangoni.

Sasa, mtu wa programu akitaka kununua kitu hufanya nini? Hufungua lahajedwali! Nikaweka safu: urefu, uzito, bei, vipuri, kasi, urahisi wa kujifunza. Kila safu nikaipa uzito wake, nikazidisha, nikajumlisha.

Optimist niliitoa mapema. Ni kimashua cha mita 2.3 kilichobuniwa na Clark Mills kule Florida mwaka 1947, na watoto wa dunia nzima wamejifunzia humo, lakini ni cha mtoto mmoja. Mimi nikiingia, goti litanifika kidevuni.

Iliyoshinda ilikuwa Laser, ambayo siku hizi wengi huiita ILCA. Ilibuniwa na Bruce Kirby wa Kanada na kuanza kuuzwa mwaka 1971. Mita 4.2, tanga moja la mita 7 za mraba, nyepesi, imefungwa kama chupa, ikipinduka unakanyaga ule ubao unaoshuka katikati na inasimama. Alama zake zilikuwa juu kuliko zote. Nikamwonyesha mke wangu.

"Inabeba watu wangapi?"

"Inashindaniwa na mtu mmoja. Wawili wanaweza kubanana."

"Basi hii ni yako. Sisi tutakaa ufukweni tukikupungia mkono?"

Haya. Nikaongeza safu ya abiria (cheka tu, nimestahili). Hapo ikapanda Mirror, na kusema kweli hii niliipenda sana. Iliundwa mwaka 1962 na Jack Holt na Barry Bucknell, ikapewa jina la gazeti la Daily Mirror la Uingereza, na shabaha yake ilikuwa familia ya kawaida iweze kujiundia mashua nyumbani. Mita 3.3, plaiwudi, matanga mekundu. Mbao zake hushonwa kwa waya wa shaba, halafu mishono inafunikwa kwa utepe na gundi. Nilipolisoma hilo nilicheka, maana Wabajuni walikuwa wakishona mitepe kwa kamba za nazi karne nyingi kabla ya hapo. Humo ndani Mirror ina vyumba vya hewa vilivyofungwa, ndiyo maana ikijaa maji bado inaelea juu na unaweza kuyakumba.

Nikampelekea baba mkwe matokeo. Ni mzee aliyevua samaki maisha yake yote, mwenye subira na watu wa bara kama mimi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali mawili.

"Mwanangu, ikipasuka, plaiwudi hiyo utaipata wapi hapa? Na ikipinduka nawe umeumia, nani ataisimamisha?"

La kwanza nilikuwa nimelipima, japo kwa alama ndogo. La pili halikuwamo kabisa. Lahajedwali yote niliijenga nikidhani nahodha ni mimi, mzima, mwenye nguvu, siku zote. Katika programu zangu kazini siwezi kukubali mfumo unaoanguka wote seva moja ikizimika. Familia yangu nilikuwa naipangia hivyohivyo.

Yeye alitaka tuwe na mashua ndogo ya pale pale. Hoja yangu dhidi yake ilikuwa moja: mashua ya wazi ikijaa maji inaelea chini sana, na ikiwa na mawe au mchanga wa kuitulizia inaweza kuzama. Tukabishana kwa adabu. Mwishowe akasema tuipindue tuone.

Tukaazima mashua ya jirani, kama mita 4 na nusu, tukaipeleka maji ya kifuani upande wa Manda, siku ya maji mafu ili mkondo usitusumbue. Hakuna mchanga ndani, kila mtu na jaketi lake la kuokolea. Binti yangu alikataa kusogea, akakaa ufukweni na babu yake. Mimi kazi yangu ilikuwa moja: kuwa mgonjwa. Nielee tu nisiguse kitu.

Jaribio la kwanza lilishindwa vibaya. Mke wangu na mdogo wangu walivuta, mashua haikusimama, kwa sababu foromali na tanga lililolowa vilikuwa vimeishika chini. Babu akapiga kelele kutoka ufukweni kuhusu henza. Mke wangu akaifungua, tanga likalegea, wakavuta tena, ikasimama. Lakini ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Ndoo moja nje, wimbi moja ndani. Walikumba mpaka mikono ikachoka na maji hayakupungua hata inchi moja.

Jaribio la pili tukafunga mitungi 8 ya plastiki ya lita 20, mitupu, vifuniko vimekazwa, kwa kamba chini ya mabao ya kukalia. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: lita 160 za hewa chini ya maji hukuinua kwa karibu kilo 160, ukitoa uzito mdogo wa mitungi. Ni wazo la Mirror, tumeliazima. Wakaipindua, wakalegeza henza, wakaisimamisha, na safari hii ukingo ulibaki juu ya maji kwa upana wa kiganja. Wakakumba kwa zamu, dakika 11 kwa saa yangu. Mimi nilikuwa nikitetemeka kwa baridi, mgonjwa kwelikweli sasa.

Basi ndiyo tuliyochagua. Fundi wa Matondoni anatuundia moja kama hiyo, tanga dogo kidogo kuliko la kawaida, na vishikizo vya mitungi vikitengenezwa tangu mwanzo. Bei yake ni kama kompyuta yangu ya kazini na ya mke wangu zikiwekwa pamoja. Ikivuja, pamba na sifa zinapatikana hapo hapo, na shemeji zangu wanajua kukalafati kuliko ninavyojua kuandika msimbo. Tutaanza kujifunza wakati wa kaskazi. Kusi ya Juni na Julai tumewaachia wenyewe.

Binti yangu bado hajapanda. Ila siku ile ya pili, wakikumba maji, alisimama na kuhesabu ndoo kwa sauti mpaka akafika mwisho wa namba anazozijua, akaanza tena moja. Jumamosi hizi nampeleka kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini. Anakaa ukingoni, miguu ndani.

Makala ya hifadhidata wiki ijayo, inshallah.