Kiingereza cha Kuombea Maji

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikra zetu hukimbilia ngoma, vinyago, mavazi na miiko ya wazee. Lugha nayo huwekwa mahali pake pa heshima, na hiyo ni haki yake. Lakini ndani ya lugha mna kichochoro ambacho wataalamu hukipita upesi, nacho ni maneno ya mzaha ambayo watu wetu wameyatunga ili kuyasema maneno yenyewe. Mtu akisema mno, akisema uongo, akisema kwa maringo au akishindwa kusema, mtaa una jina lake tayari. Sisi tuliofundisha Kiswahili kwa miaka mingi tuliyakata maneno hayo kwa wino mwekundu katika insha za wanafunzi, kisha jioni tukayatumia barazani bila haya.

Tazama yanakotoka. Msemaji asiyenyamaza "anachonga", kana kwamba ulimi ni tezo na hewa ni mpingo. Mwongo "anafunga kamba", na msikilizaji asipojihadhari ndiye atakayejikuta amefungwa. Anayeikoleza habari "anatia chumvi". Akizidi "anapiga chuku", na chuku ni ile pembe ya kuumikia, ambayo mwumikaji huitumia kumvuta mgonjwa damu. Aliyeambiwa ukweli mchungu "amepewa vidonge vyake", wala hahitaji kuulizwa vina ladha gani. Asiyeweza kutunza siri ni domokaya. Habari isiyo na mwenyewe imetangazwa na "redio mbao", chombo kisicho na betri wala mtangazaji, na ambacho hakijapata kukosa wasikilizaji. Karakana, jiko, uganga na hospitali vyote vimechanga. Darasa halikuchanga hata senti.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, nalo limefanya kazi kubwa ya kusanifu istilahi. Mtaa haukungoja sheria. Inatupasa tukiri pia kwamba wageni walituwahi katika kuyathamini maneno haya: Rajmund Ohly alichapisha kamusi ndogo ya misimu ya Kiswahili mwaka 1987, wakati sisi bado tunayapigia mstari kama makosa.

Hata hivyo, hakuna jambo lililochekwa kwa bidii kama namna tunavyosema Kiingereza. Lugha hiyo ina majina ya utani ya kutosha ukoo mzima. Wazee waliiita kimombo. Wengine huiita ung'eng'e, jina ambalo masikioni mwetu linaiga sauti ya mtu anayesemea puani. Vijana waliokuja baadaye wakaiita ngeli, nasi walimu tukashtuka, kwa sababu kwetu ngeli ni makundi ya nomino. Anayeteleza katikati ya sentensi "amechapia". Na yule ambaye akiba yake ni maneno kumi tu huambiwa kwamba anacho "Kiingereza cha kuombea maji", yaani kinachomtosha asife kwa kiu ugenini, basi.

Utani huu haukuzuka hivi hivi. Katika shule ya bweni tuliyosoma, miaka michache kabla ya Uhuru wa 1961, mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili alivikwa kibao shingoni. Alikaa nacho mpaka amnase mwenzake, na aliyelala nacho usiku alifagia vyoo asubuhi. Tulijifunza kunyatiana. Tulijifunza pia kunyamaza, kwani asiyesema hakamatwi. Kizazi kilichobeba kibao hakikuwa na silaha nyingine ila kuicheka lugha iliyokitundika, na kuwacheka zaidi wenzao walioivaa kama suti.

Kicheko hicho tulikiona kikifanya kazi njema mwaka 1976, katika mkutano wa kijiji tulichokuwa tukifundisha. Mtaalamu alitoka mjini kuja kueleza habari za kisima na bomba. Alikuwa kijana mpole, lakini kila sentensi yake ilianza kwa Kiswahili ikamalizikia ng'ambo. Wanakijiji waliitikia kwa vichwa, kama tunavyofanya wote tusipoelewa. Ndipo bibi mmoja aliyeketi mbele, kanga yake magotini, akaomba nafasi.

"Mwanangu," alisema, "sisi hapa Kiingereza chetu ni cha kuombea maji. Na leo maji yenyewe ndiyo tunayoomba. Tuambie kwa Kiswahili, yatatoka lini?"

Mkutano mzima ulivunjika mbavu. Kijana naye alicheka, akajifuta uso, akaanza upya. Tuligundua kwamba alikijua Kiswahili vizuri kabisa. Bomba lilichelewa miaka miwili, lakini angalau kila mtu alijua ni kwa nini.

Tungependa kuishia hapo, bibi akiwa ameshinda. Lakini kicheko hakichagui wa kumwangukia, na upo mkutano mwingine tunaoukumbuka, mdogo zaidi, wa wanafunzi arobaini na mwalimu wao. Tulikuwa tukisoma kwa sauti habari za uchaguzi. Zamu ilimfikia mvulana mmoja mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, aliyelelewa katika lugha isiyotenganisha r na l. Akasoma kwamba wananchi walijitokeza kwa wingi "kupiga kula". Darasa likaangua kicheko. Kabla ya saa ya mapumziko alikuwa amepata jina: Mpiga Kula. Sisi hatukulitunga. Tulicheka tu, kisha tukalipeleka katika chumba cha walimu, ambako lilipokewa kama kitafunio cha chai.

Tangu siku ile hakuinua mkono tena. Alipoulizwa swali alijiumauma hadi tukampita. Majibu yake yote tuliyapata kwenye daftari, nayo yalikuwa sahihi.

Tulikutana naye tena mwaka 1995, siku ya uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi viruhusiwe tena mwaka 1992. Foleni ilikuwa ndefu, nasi tulisimama nyuma ya bwana mmoja mwenye mvi za mapema. Aligeuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nawe umekuja?"

Alisita kidogo. "Nimekuja kuchagua," alisema.

Tulikaa pamoja juani karibu saa mbili. Alitueleza habari za watoto wake, shamba lake la mihogo na bei ya mabati. Watu wote waliotuzunguka walikuwa na neno moja tu midomoni asubuhi ile. Yeye alilizunguka kila lilipomkaribia, akisema kuchagua, akisema kuweka karatasi, akisema ile kazi ya leo. Nasi hatukuwa na ujasiri wa kulitamka mbele yake.